Ubora wa kamera nimeweka 100, mbona desimali bado hazionekani?

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Jioni nafundisha tuisheni mtandaoni kwa vijana wa kidato cha nne. Wengine wako Kondoa, wengine Mpwapwa na Singida. Natumia laptopu ya Windows na kamera mbili za USB. Moja inaonyesha uso wangu. Ya pili nimeifunga kwenye rafu, kama mita moja juu ya meza, inaangalia karatasi ninayoandikia na inaonyesha meza nzima. Zote nimezichomeka kwenye habu moja, nazichanganya kwa OBS, programu ya kuunganisha picha za kamera, halafu napeleka Google Meet. Wanafunzi wanalalamika kwamba maandishi yamezungukwa na vimiraba na ukungu, alama ya kutoa inapotea, na desimali haionekani kabisa. Juzi mmoja alinakili 2.5 akaandika 25, swali zima likaharibika. Nikapakua mtandaoni draiva nyingine, yaani programu ya kuendesha kamera, yenye sehemu ya kuchagua ubora wa picha. Ilikuwa 60, nikapandisha hadi 100. Sasa picha inakatakata, kamera ya pili inagoma kuwaka nikishawasha ya kwanza, na desimali bado hazionekani. Taa yangu ni tyubu, iko darini nyuma yangu, na kwenye picha kuna michirizi inayopanda na kushuka. Naandika kwa bolpeni ya bluu, majibu kwa nyekundu. Je, draiva ndiyo mbovu, au ninunue kamera yenye uwezo mkubwa zaidi?"

Mwalimu, pole na majukumu, na asante kwa kueleza kila kitu. Wengi huandika tu kwamba kamera ni mbaya wakaishia hapo. Wewe umetaja hadi mahali taa ilipo, na maelezo hayo yamenipa sehemu kubwa ya jibu.

Nikikuelewa vizuri, hutafuti urembo wa picha. Kinachokuuma ni mtoto aliye Mpwapwa, aliyenunuliwa bando kwa hela ya mzazi, ananakili 25 mahali ulipoandika 2.5, halafu anaamini kwamba hesabu ndiyo inayomshinda. Hilo ni jambo zito. Bahati nzuri linatibika, na sehemu kubwa ya tiba haina gharama, kwa hiyo kamera usinunue bado. Draiva uliyoipakua nina neno nayo, nitalifikia, lakini si yenyewe iliyoficha desimali zako. Na ule ubora wa 100 haukuwa na uwezo wa kuzirudisha, maana zilikwisha kupotea kabla kazi ya kubana picha, yaani kuipunguza uzito, haijaanza.

Tuanze hapo. Kamera nyingi za kawaida, zikiwa umbali wa mita 1, huona eneo lenye upana unaozidi kidogo mita 1. Kama OBS imeiwasha kamera yako kwa pikseli (vitone vinavyounda picha) 640 kwa 480, ambao ni ukubwa wa kawaida usipochagua mwingine, basi pikseli 640 zinagawana milimita zaidi ya 1,000. Kila milimita ya karatasi haipati hata pikseli moja nzima. Nukta ya bolpeni haifiki milimita 1. Maana yake desimali yako inaangukia ndani ya sehemu ya pikseli moja, inachanganyika na weupe wa karatasi, na kinachobaki ni weupe uliofifia kidogo. Hata ubora ungekuwa 1,000, hakuna cha kubana wala cha kutunza, kwa sababu nukta haikuingia kwenye picha.

Ishushe kamera hadi sentimita 35 hivi juu ya karatasi na uichagulie 1280 kwa 720. Hapo ataona upana wa kama sentimita 40 mwanafunzi wako, na kila milimita itapata pikseli 3 hivi. Ukiacha bolpeni ukaandika kwa kalamu nyeusi yenye ncha nene, inayotoa nukta ya milimita 2, desimali yako itakuwa na upana wa pikseli 6. Hiyo inaonekana. Karatasi nzima haitaingia, na wala haihitaji kuingia. Andika swali moja, sogeza karatasi juu, endelea. Wanafunzi wako hawafuatilii meza, wanafuatilia ncha ya kalamu.

Angalizo moja kwenye kushusha. Kamera nyingi za bei nafuu hazijirekebishi zenyewe kuona karibu, ukizisogeza sana zinatoa ukungu. Kabla hujakata tamaa, iangalie lenzi: nyingi zina pete ya plastiki inayozunguka. Weka karatasi yenye maandishi madogo, zungusha pete taratibu huku ukitazama skrini, simama pale herufi zinapokaza. Kama yako inajirekebisha yenyewe, ifungie mahali pamoja, la sivyo kila mkono wako unapopita itaanza kutafuta upya na wanafunzi wataona picha inaingia na kutoka kwenye ukungu. Na ifute lenzi kwa kitambaa laini cha miwani. Kwa vumbi letu la kiangazi hapa Dodoma, lenzi iliyoachwa wiki mbili bila kifuniko hupata utando unaopausha kila kitu. Usitumie upindo wa shati lenye vumbi, utaichubua.

Sasa nirudi kwenye ubora, kwa sababu hapo ndipo ulipoelekeza nguvu, na nadhani kwa taaluma yako utapenda kujua kinachoendelea ndani. Kamera za USB za aina yako kwa kawaida hubana kila fremu, yaani kila picha moja ya video, kwa njia ya JPEG, ileile ya picha za kawaida, iliyopitishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1992. Fremu hizo zikitoka mfululizo huitwa MJPEG. Kamera huigawa fremu katika vimiraba vya pikseli 8 kwa 8. Ndani ya kila kimiraba, pikseli 64 hugeuzwa kuwa namba nyingine 64. Namba ya kwanza hueleza mwanga wa wastani wa kimiraba chote, zinazofuata hueleza mabadiliko ya taratibu, na za mwisho hueleza mabadiliko ya ghafla, yaani vitu vidogo na vyembamba: ukingo wa herufi, mstari wa kutoa, nukta. Baada ya hapo kila namba inagawanywa kwa kigawanyo chake, na jibu linakadiriwa kuwa namba nzima.

Kukadiria huko ndiko kunakoharibu. Katika jedwali la mfano lililomo kwenye kanuni yenyewe, ambalo programu nyingi hulitumia, ubora ukiwa 50 kigawanyo cha namba ya mwisho kabisa ni 99. Chukua undani wenye thamani ya 30. 30 gawanya kwa 99, kadiria: 0. Wakati wa kufungua picha, 0 mara 99 ni 0. Undani umekufa na haufufuki. Ubora ukiwa 75 kigawanyo hicho kinakuwa 50. 30 gawanya kwa 50 inakadiriwa 1, na ikirudishwa inakuwa 50: undani upo, ila umepinda. Ule ukungu na vivuli wanavyoviona wanafunzi kandokando ya maandishi ni kupinda kwa namna hiyo, na vimiraba ni pale ambapo majirani wawili wa 8 kwa 8 wamekadiriwa tofauti. Ubora 90 kigawanyo ni 20. Ubora 100 vigawanyo vyote ni 1.

Kwa hiyo 100 si asilimia, wala haimaanishi kwamba picha haijabanwa. Kukadiria bado kupo, na kwenye kamera nyingi taarifa za rangi zimeshapunguzwa kabla ya kufika hapo. Kinachobadilika kwa kasi unapotoka 90 kwenda 100 ni uzito wa picha, ambao mara nyingi huzidi maradufu, wakati jicho halioni tofauti ya maana. Mimi ningekaa kati ya 80 na 90 na nisihangaike tena.

Lipo na jambo jingine ambalo draiva za kupakua hazikwambii. Kamera nyingi za USB zinafuata kanuni iitwayo UVC, iliyotoka mwaka 2003, na Windows imekuwa na draiva yake ya kanuni hiyo tangu enzi za XP. Ndani ya kanuni hiyo kuna mahali pa kompyuta kuiomba kamera ubora wa kubana, kwa namba kuanzia 1 hadi 10,000. Hilo ni ombi tu. Kamera inaweza kulikubali, kulirekebisha au kulipuuza, na kama kiwandani waliifungia kiwango kimoja, unaweza kusogeza kitelezi cha ubora kutwa nzima bila kitu kubadilika ndani yake. Kwako kitelezi kinaelekea kufanya kazi, kwa sababu picha ilianza kukatakata. Hiyo ndiyo dalili kwamba uzito ulipanda.

Na kwa nini uzito ukipanda kamera ya pili igome? Hapa kuna dhana moja ya kurekebisha. Watu hudhani kamera mbili zinagawana njia ya USB kwa kadiri ya picha zinazopita. Sivyo. Kamera nyingi, kabla hazijatuma fremu hata moja, zinaomba nafasi ya kudumu kwenye njia, kwa kipimo cha mzigo mkubwa kabisa zinaoweza kuwa nao. Ni abiria wa basi la Dodoma kwenda Dar anayekata tiketi za viti thelathini kwa sababu huenda ndugu zake wakaja. Ndugu wakija wasije, viti vimeshikwa, na anayefuata dirishani anaambiwa basi limejaa. Kamera yako ya kwanza imekata viti. Ya pili imefika dirishani.

Kwa namba, USB 2.0 inatangazwa kwa megabiti 480 kwa sekunde, sawa na megabaiti 60. Lakini nafasi za kudumu haziruhusiwi kuzidi asilimia 80 ya njia, yaani 48, na kamera moja inaweza kuomba hadi 24.5 hivi. Zikiomba mbili kwa ukamilifu, 49, hazienei. Habu haiongezi njia. Inagawa njia moja kwa vifaa vingi. Na tundu la bluu la USB 3 halikusaidii kama kamera yenyewe ni ya USB 2, kwa kuwa itaendelea kutumia nyaya za USB 2 zilizomo humohumo.

Hapa dawa ni rahisi. Toa habu katikati. Chomeka kamera ya karatasi moja kwa moja kwenye laptopu upande mmoja, ya uso upande wa pili. Waya wa kuongezea urefu nao utoe kama upo. Kwa USB 2.0 waya usizidi mita 5, na wenye ubora hafifu huleta shida mapema zaidi. Kisha ishushe kamera ya uso hadi 640 kwa 480. Au, na hili nalisema kwa moyo mmoja, izime kabisa wakati unakokotoa. Salimia darasa kwa uso, kisha wape karatasi. Sura yako wanaijua. Wanachohangaikia ni nukta.

Ukiwa OBS, bofya mara mbili jina la kamera ya karatasi, kwenye "Resolution/FPS Type" chagua "Custom", weka 1280 kwa 720, na fremu 15 kwa sekunde zinatosha sana kwa mkono unaoandika. Chini yake utaona "Video Format", ambako kwa kawaida kuna YUY2 na MJPEG. YUY2 haijabanwa: kila pikseli inabeba baiti 2. Kwa 640 kwa 480 na fremu 30, hiyo ni megabaiti 18.4 kwa sekunde, inapita. Kwa 1280 kwa 720 na fremu 30 ni 55.3, haipiti, na ndiyo maana kamera nyingi za USB 2 kwa ukubwa huo zitakupa YUY2 ya fremu 10 au pungufu. Kwako chagua MJPEG. YUY2 itakufaa kama kipimo tu, nitaeleza mbele kidogo.

Nije kwenye mwanga, ambao kwa maoni yangu ndio unaokudhulumu kuliko kitu chochote baada ya umbali. Tyubu ikiwa nyuma yako, mwili na mkono wako vinaitupia karatasi kivuli. Kamera ikikosa mwanga inaongeza nguvu ya kihisio chake, na nguvu hiyo inakuza pia chengachenga. Sasa fikiria chenga zinaingia kwenye kile kimiraba cha 8 kwa 8. Kwa kanuni ya kubana, chenga ni mabadiliko ya ghafla, haina namna ya kujua kwamba hii ni chenga na ile ni desimali. Inatumia nafasi kutunza uchafu, na nafasi ikiisha inafuta vyote pamoja. Ndiyo maana kamera ileile, kwa mpangilio uleule, inatoa picha safi saa nne asubuhi dirishani na vimiraba saa mbili usiku.

Weka taa ya mezani, balbu nyeupe ya kawaida, kushoto kwako kama unaandika kwa mkono wa kulia, juu kidogo ya kichwa cha kalamu ili kivuli cha mkono kiangukie mbali na maandishi. Mchana sogeza meza dirisha liwe ubavuni, lisiwe mgongoni. Ukifanya hivi peke yake utashangaa jinsi vimiraba vinavyopungua bila kugusa ubora.

Ile michirizi inayopanda na kushuka ina sababu yake. Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu, hasa zile za chok na stata, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa hezi 60 za Marekani, na muda zinaotumia kupiga kila fremu haulingani na taa yako. Kwenye OBS bofya "Configure Video", tafuta "PowerLine Frequency", weka 50. Michirizi itaondoka au itatulia. Ukiwa hapohapo, iangalie "Sharpness". Kama uliipandisha ukidhani itakaza herufi, irudishe katikati: huongeza kingo za bandia kandokando ya maandishi, na kingo hizo nazo zinahitaji kubanwa. Kwenye ukurasa wa pili ondoa alama kwenye "Low Light Compensation", kwa sababu ikiwa gizani hupunguza idadi ya fremu ili kupata mwanga, na sehemu ya kukatakata kwako inaweza kutoka hapo.

Kalamu nyekundu naomba uiweke kando kwa sasa. Kamera na programu za vikao huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi hazihifadhi kwa undani uleule. Kwenye vikao vya mtandaoni, kwa kawaida pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Mstari mwembamba mwekundu unategemea sana rangi kuonekana, kwa hiyo unamwagika pembeni na kupauka. Nyeusi juu ya nyeupe ni tofauti ya mwanga tupu, na hiyo ndiyo inayotunzwa vizuri kuliko zote. Majibu yazungushie duara jeusi.

Mpaka hapa tumeshughulikia kamera. Lakini mwanafunzi wako haoni picha ya kamera. OBS inaipokea, inaifungua, inaichanganya, inaipeleka Meet, na Meet inaibana upya kabisa kwa njia nyingine kabla ya kuirusha. Njia hiyo hulinganisha fremu na iliyotangulia na kutuma tofauti tu. Karatasi iliyotulia, yenye mwanga mzuri, inakuwa nafuu sana kutuma. Karatasi yenye chenga na michirizi inaonekana mpya kila fremu, hivyo bando linaliwa kutuma uchafu, na mtandao ukibanwa Meet inashusha ukubwa wa picha bila kukuuliza. Ubora wa 100 kwenye draiva hausafiri hadi Singida. Unaishia ndani ya laptopu yako.

Kuna njia ya kuisaidia Meet, na naona ndiyo itakayokufaa kuliko zote. Badala ya kuipeleka karatasi kama kamera, ipeleke kama skrini. Kwenye OBS bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Windowed Projector", kisha ndani ya Meet shirikisha dirisha hilo. Picha ya kamera inapewa kipaumbele cha mwendo, ili uso wa mtu usigandegande. Skrini inayoshirikishwa inapewa kipaumbele cha undani, ili maandishi yasomeke, hata kama fremu zitakuwa chache. Kwa hesabu, unachotaka ni hicho cha pili.

Ili ujue bila kubahatisha ni nani anayeharibu, fanya hivi kabla ya kipindi. Zima intaneti, fungua OBS peke yake, andika 2.5 na −3 kwenye karatasi, tazama. Kama hapo hapasomeki, mtandao hauna kosa. Badilisha kwenda YUY2 ya 640 kwa 480 bila kusogeza kitu. Vimiraba vikipotea, kamera ndiyo iliyokuwa inabana vibaya, na hapo kitelezi cha ubora kina maana. Vikibaki, au chenga zikibaki, tatizo ni mwanga. Na kama kwako panasomeka vizuri lakini kwao hapasomeki, ingia kwenye kipindi chako kwa simu ukiwa mwanafunzi, kwa bando la simu na si Wi-Fi ya nyumbani, sauti ukiwa umeizima, uone wanachokiona. Hilo la mwisho walimu wengi hawalifanyi, na ningependa kila anayefundisha mtandaoni alifanye.

Neno langu kuhusu draiva: iondoe. Kamera ya UVC haihitaji draiva ya kutoka tovuti usiyoifahamu, na tovuti za aina hiyo hupakia pamoja na draiva vitu ambavyo hukuviomba. Nenda "Device Manager", fungua "Cameras", bofya kamera kwa kitufe cha kulia, chagua kuiondoa, na uweke alama kwenye kisanduku cha kufuta programu ya draiva. Chomoa kamera, washa upya kompyuta, chomeka tena. Windows itaweka yake. Ikirudi ileile ya kupakua, chagua kusasisha draiva kwa kuchagua mwenyewe kwenye orodha, kisha "USB Video Device". Utakikosa kitelezi cha ubora, na kwa hali yako sioni hasara. Mtu mwenye kamera ya zamani isiyo ya UVC jibu lake lingekuwa tofauti, maana hiyo inategemea draiva ya mtengenezaji. Ila kamera za namna hiyo zimebaki chache.

Uliuliza pia kuhusu kununua. Kamera iliyoandikwa 1080p, yaani pikseli 1920 kwa 1080, haitakuvusha kama itaning'inia mita moja juu chini ya tyubu ileile, na kwa USB 2 itabana zaidi ili ipite. Kwa hela hiyo, taa ya mezani na kishikio cha kushusha kamera vinakuja kwanza. Kama una simu ya Android yenye kamera nzuri, inaweza kutumika badala ya kamera ya karatasi kwa programu ya kuiunganisha na OBS kwa waya. Lenzi za simu kwa kawaida huona karibu vizuri kuliko kamera za bei nafuu, ingawa simu hupata joto kipindi kikirefuka. Ukishajaribu yote hayo na kamera yako haikubali kukaza maandishi kwa sentimita 35, hapo nunua, na sifa ya kuulizia dukani ni kama inajirekebisha kuona karibu, kabla hujauliza idadi ya pikseli.

Wakati unarekebisha, vijana wasiendelee kuumia. Mwisho wa kila kipindi piga picha ya karatasi kwa simu, itume kwenye kundi la WhatsApp ikiwa dokumenti badala ya picha, maana ikitumwa kwa njia ya picha nayo inabanwa. Na unapoandika desimali itamke: "mbili nukta tano".

Kuna hali ambazo usizihangaikie peke yako. Kama taa ndogo ya kamera inawaka wakati hujafungua programu yoyote, kama matangazo yanajitokeza yenyewe tangu uweke ile draiva, au kama kivinjari kimebadilika ukurasa wa kuanzia, ichukulie kwamba kuna programu hasidi. Ichomoe kamera, usiingie benki wala kutuma fedha kupitia kompyuta hiyo, na umpelekee fundi unayemwamini hapo mjini. Vivyo hivyo kama kamera inajikata na kujiunga na ule mlio wa USB unasikika kila ukigusa waya, kama tundu linalegea, au kuna joto na harufu ya kuungua: hiyo ni kazi ya mikono, haitibiki kwa mipangilio. Mwombe fundi ajaribu kamera yako kwenye kompyuta nyingine na kamera nyingine kwenye kompyuta yako, mbele yako, kabla hajasema kipi kimekufa. Na akikwambia dawa ni kupiga Windows upya, mwambie asubiri hadi uhamishie maswali na maksi za wanafunzi wako kwenye flashi.